Sauti Zinazoupinga Ugaidi: Mbona Hazisikiki?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa za misikiti ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.), aliyetumwa kuwa rehema kwa viumbe vyote.



Nimeombwa niseme juu ya ugaidi na vyombo vya habari. Jambo hili lina pande nyingi, na muda tulio nao ni mfupi. Kwa hiyo nitashika upande mmoja tu ambao haupewi haki yake, nao ni habari za Waislamu wenyewe, Waarabu na wasio Waarabu, waliotoka majumbani mwao wakaandamana barabarani kuupinga ugaidi, kisha sauti zao zikafifia kana kwamba hawakusema neno.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imewaamuru waumini kwamba wakiletewa habari na mtu asiyeaminika waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Na katika Sura Al-Baqara tumekatazwa kuuficha ushahidi, na yule anayeuficha ameambiwa kwamba moyo wake una dhambi. Mafundisho haya mawili yakiwekwa pamoja yanatufunulia kwamba habari huharibika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni uongo, yaani kulisema lisilokuwapo. Njia ya pili ni kuficha, yaani kulinyamazia lililokuwapo. Ile ya kwanza watu huitambua upesi. Hii ya pili ni ngumu kuitambua, kwani kila kilichosemwa huwa ni kweli, isipokuwa nusu ya habari imeachwa nje ya mlango.

Swali la Jirani

Ndugu zangu, sisi Waislamu wa wilaya hizi tunaishi kati ya Wahangaza, Washubi na Wasubi wenzetu ambao walio wengi ni Wakristo. Tunazikana, tunaozana, tunauziana ndizi na maharage katika gulio moja. Na kila linapotokea shambulio mahali fulani duniani, na muuaji akawa amelitaja jina la Mwenyezi Mungu, jirani hutuuliza, mara kwa upole na mara kwa uchungu: "Mbona ninyi Waislamu hamwandamani kuwapinga watu hawa?"

Swali hili lisitukasirishe. Anayeuliza anasema kile alichoonyeshwa. Ameonyeshwa moshi, ameonyeshwa maiti, ameonyeshwa mtu aliyejifunika uso akiwa na bunduki na bendera nyeusi. Hakuonyeshwa kingine. Basi wajibu wetu ni kumjibu kwa mambo yaliyotokea, pamoja na tarehe zake na mahali pake.

Waarabu Walioandamana

Tuanze na Morocco. Tarehe 16 Mei 2003, washambuliaji waliojifunga mabomu walijilipua katika mji wa Casablanca: katika mkahawa, katika hoteli na karibu na majengo ya jumuiya ya Kiyahudi. Walikufa watu 45 pamoja na washambuliaji wenyewe, na wengi wa waliouawa walikuwa raia wa Morocco. Siku tisa baadaye, tarehe 25 Mei, barabara za mji huo zilifurika maelfu kwa maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, Waislamu pamoja na Wayahudi wenzao wa Morocco. Wito ulioenea nchini siku hizo ulikuwa ni wa maneno machache ya Kiarabu cha mitaani, yenye maana kwamba nchi yangu usiiguse. Ni nani kati yetu hapa aliyepata kuiona picha ya maandamano hayo? Lakini picha za vifusi vya Casablanca zilizunguka dunia nzima.

Twende Jordan. Tarehe 9 Novemba 2005, hoteli tatu za Amman zililipuliwa usiku mmoja, na watu wapatao 60 wakafa. Bomu moja lililipuka katikati ya sherehe ya arusi; bwana arusi na bibi arusi walinusurika, lakini baba zao waliuawa. Miongoni mwa waliopoteza maisha yao alikuwamo Moustapha Akkad pamoja na binti yake. Huyu ndiye aliyeitengeneza filamu ya The Message, inayosimulia mwanzo wa Uislamu, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wameitazama katika siku za Idi bila ya kujua mwisho wa mtengenezaji wake. Aliyeusimulia ulimwengu habari za Uislamu aliuawa na watu waliodai kwamba wanautetea Uislamu!

Je, Waarabu wa Amman walinyamaza? Hasha. Kesho yake tu maelfu walikuwa barabarani wakimlaani kwa jina Abu Musab al-Zarqawi, aliyekuwa kiongozi wa kundi lililofanya unyama huo, naye alikuwa mwana wa nchi hiyohiyo. Maandamano yakaendelea siku zilizofuata. Hatimaye jamaa wa ukoo wake wakatangaza magazetini kwamba wamemkana. Ndugu zangu, mnajua uzito wa ukoo katika desturi za Waarabu, kama mnavyoujua uzito wake hapa kwetu. Ukoo kumkana mtoto wake hadharani si jambo dogo. Lakini mwulizeni mtu yeyote gulioni: jina la al-Zarqawi huenda amepata kulisikia, kwamba ukoo wake ulimkana, hajui.

Na maulamaa je? Mwezi Novemba 2004, mwaka mmoja kabla ya mabomu hayo, ulitolewa mjini Amman ujumbe rasmi wa kueleza kipi ni Uislamu na kipi si Uislamu katika vitendo vinavyofanywa kwa jina lake, na mwaka uliofuata maulamaa wa madhehebu mbalimbali kutoka nchi nyingi walikutana katika mji huohuo kuutilia nguvu. Na Septemba 2014, maulamaa na viongozi wa Kiislamu 126 walitia saini barua ya wazi kwa Abu Bakr al-Baghdadi na wafuasi wake, wakimpinga hoja kwa hoja kutoka katika Kurani na Hadithi. Kazi kama hii si ya kulaani kwa mdomo tu. Ni kazi ya elimu.

Mogadishu, Mji wa Jirani Zetu

Pengine mtu atasema kwamba Morocco na Jordan ni mbali. Basi turudi Afrika Mashariki, kwa jirani zetu Wasomali.

Tarehe 14 Oktoba 2017, lori lililojaa milipuko lililipuka katika makutano ya barabara ya Zoobe mjini Mogadishu, mahali penye maduka, hoteli na magari mengi. Kamati iliyoundwa kuhesabu waliokufa ilitoa idadi ya watu 587. Tuitafakari idadi hiyo. Mabomu mawili ya tarehe 7 Agosti 1998, la Nairobi na la Dar es Salaam, ambayo hayajasahaulika mpaka leo, yaliua watu 224: Nairobi 213 na kwetu Dar es Salaam 11. Bomu la Mogadishu peke yake liliua zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Na waliokufa karibu wote walikuwa Waislamu, wafanyabiashara, wanafunzi, abiria na wapita njia.

Kesho yake watu wa Mogadishu walitoka. Tarehe 18 Oktoba wakatoka kwa maelfu, wamejifunga vitambaa vyekundu vichwani kuwa ishara ya damu iliyomwagika, wakapaza sauti kuwalaani wauaji. Nanyi mkumbuke kwamba kuandamana Mogadishu si sawa na kuandamana katika mji wenye amani. Anayenyanyua bango pale leo anajua kwamba kesho anaweza kupigwa risasi mlangoni pake. Baada ya mlipuko ule al-Shabaab hawakutokea kudai kwamba ni kazi yao, ijapokuwa serikali na wachunguzi waliwanyooshea kidole. Wengi waliona kwamba waliogopa hasira ya umma. Kama ndivyo, basi sauti ya watu ilifanya kazi ambayo bunduki hazikuifanya.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Desemba 2009, mshambuliaji alijilipua katika hoteli ya Shamo mjini humo, kwenye mahafali ya vijana waliokuwa wakihitimu, wengi wao katika masomo ya uganga. Walikufa wahitimu, mawaziri na waandishi wa habari. Siku chache baadaye mamia ya wakazi waliandamana kuwapinga al-Shabaab waziwazi, wakati ambapo kundi hilo lilishika sehemu kubwa ya mji. Tena mwanzoni mwa Januari 2020, baada ya bomu jingine lililoua watu zaidi ya 80, wananchi walirudi barabarani. Nchi ambayo ulimwengu huitaja kana kwamba ni shamba la magaidi ndiyo hiyo ambayo watu wake wameandamana mara kwa mara dhidi ya magaidi, kwa kuhatarisha roho zao.

Waliosema kwa Maisha Yao

Wapo pia wasioandamana kwa mabango, bali walitoa ushahidi kwa maisha yao.

Novemba 2014, karibu na Mandera, kaskazini mwa Kenya, watu wenye silaha walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa katika eneo hilohilo, na amri ikatolewa ileile: Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake wakawagawia Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wauaji kwamba ama wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, na mwezi Januari 2016 akafariki dunia hospitalini. Serikali ya Kenya ilimpa nishani ya heshima baada ya kifo chake.

Mjini Mombasa, Sheikh Mohamed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alisimama kuwapinga vijana waliotaka kuugeuza msikiti kuwa jukwaa la fikra za mauaji. Juni 2014 alipigwa risasi akafa. Na kusini mwa mpaka wetu, huko Cabo Delgado nchini Msumbiji, viongozi wa Kiislamu waliwaonya wenye mamlaka juu ya kikundi cha upotovu kilichokuwa kikikua misikitini, tena waliwaonya kabla ya shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017. Onyo lao halikupewa uzito uliostahili. Moto ukawaka, ukaunguza vijiji, na Oktoba 2020 ukavuka mto Ruvuma mpaka kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, ukawaua Watanzania. Watu wameandika mengi juu ya moto huo. Juu ya Waislamu waliouona moshi wake mapema, wameandika kidogo sana.

Kwa Nini Hazisikiki?

Ndugu zangu, si vema kila jambo kuliita njama. Tutazame sababu zinazoonekana.

Sababu ya kwanza ni kishindo. Bomu hulipuka ghafula na kuua, na watu wote hugeuza shingo. Watu elfu kumi wakitembea kwa amani na kurudi makwao salama, mhariri huona kwamba hakuna habari.

Sababu ya pili ni kwamba muuaji hujiandalia tangazo lake mwenyewe. Al-Shabaab wana idara ya habari, wana redio na wasemaji. Wakati wa shambulio la Westgate mjini Nairobi, Septemba 2013, ambalo liliua watu 67, walikuwa wakituma maneno yao katika mtandao wakati damu ingali inamwagika, na vyombo vikubwa viliyanukuu. Mama wa Mogadishu aliyejifunga kitambaa chekundu hana msemaji wala mpiga picha.

Sababu ya tatu ni umbali. Magazeti na redio zetu hupokea habari nyingi za nje kutoka katika mashirika machache yenye makao yake Ulaya na Marekani. Kisichochukuliwa na mashirika hayo hakifiki Dar es Salaam, na kisichofika Dar es Salaam hakifiki Ngara.

Sababu ya nne ni picha iliyokwisha kuchongwa kichwani. Mhariri aliyezoea kuona umati wa Waislamu wenye hasira wakichoma bendera ya nchi fulani hujua aiweke wapi picha hiyo. Akiletewa umati wa Waislamu wanaowalaani wauaji waliojiita Waislamu, hajui aiweke wapi. Hili si dhana tupu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapa uchunguzi wao juu ya mashambulio ya kigaidi yaliyotokea nchini mwao kati ya mwaka 2006 na 2015. Waliona kwamba shambulio lililofanywa na Mwislamu liliandikwa kwa asilimia 357 zaidi ya lililofanywa na mtu mwingine, hata baada ya kuzingatia idadi ya waliokufa. Basi ikiwa mizani imeinama kiasi hicho katika kumwandika muuaji Mwislamu, msishangae kwamba Mwislamu anayempinga muuaji hapati nafasi.

Wana Kagera Wanajua

Watu wa upande huu wa Tanzania hawahitaji kufundishwa na mgeni jinsi kamera inavyochagua. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Benaco ikageuka mji wa mahema. Maiti zilielea katika mto Kagera. Waandishi wa habari wa ulimwengu walikuja hapa kwa ndege na kwa magari, na kwa miezi kadhaa jina la Ngara likatajwa katika lugha ambazo sisi hatuzijui. Kisha wakaondoka. Mashamba yaliyokanyagwa, misitu iliyokwisha kwa kuni, na ukarimu wa wenyeji waliogawana chakula chao na wageni, hayo hayakuandikwa sana.

Na ng'ambo ya mto, katika mauaji yaleyale ya kimbari, kulikuwa na jambo jingine ambalo dunia ilichelewa kuliona. Waislamu wengi wa Rwanda, ambao walikuwa wachache katika nchi yao, walikataa kushika panga. Huko Biryogo, jijini Kigali, waliwaficha Watutsi majumbani mwao na misikitini. Wanahistoria wameyathibitisha hayo. Lakini miaka ilipita kabla hayajaandikwa kwa mapana.

Hata hivyo, uadilifu unatudai tuseme na upande wa pili. Sura An-Nisaa imetuamuru tusimamie haki hata kama ni juu ya nafsi zetu au jamaa zetu. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochochea chuki ile, alikuwa Mwislamu. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003. Basi tusijidai kwamba jina la Kiislamu peke yake humkinga mtu asitende uovu. Nalo gazeti lake linatufundisha kwamba kalamu huweza kuua. Ikiwa kalamu yaweza kuua kwa kusema uongo, yaweza pia kudhuru kwa kuficha kweli.

Aidha tuwatendee haki waandishi wa habari. Wengi wao ni watu wema, na wengine wamekufa kazini katika mabomu hayohayo ya Mogadishu. Lau si wao, hata hayo machache niliyowasimulia leo nisingeyajua. Na pale walipoligeukia jambo jema, walimwengu waliguswa. Kisa cha basi la Mandera kilitengenezewa filamu fupi na wanafunzi wa Kijerumani, wakaipa jina la Kiswahili, Watu Wote, na mwaka 2018 ikawa miongoni mwa zilizoshindania tuzo ya Oscar. Hii ni dalili kwamba masikio yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafikishia habari.

Na Sisi Je?

Sasa nafika mahali pagumu zaidi. Tumewalaumu wahariri wa Ulaya. Je, sisi wenyewe tuliwapa nafasi wale wanaoandamana? Ijumaa iliyofuata bomu la Zoobe, ni khutba ngapi katika misikiti ya Afrika Mashariki zilizowataja wale watu 587? Ni misikiti mingapi iliyowaombea dua kwa pamoja? Yakitokea maonevu dhidi ya Waislamu yanayofanywa na wasio Waislamu, tunasimama, tunachanga, tunalia. Na ni haki yetu kufanya hivyo. Lakini Mwislamu akiuawa na anayejiita Mwislamu, ndimi zetu huwa nzito. Je, damu yake ni nyepesi zaidi?

Wapo miongoni mwetu wanaosema, "Haya ni mambo ya maadui wa Uislamu, sisi hayatuhusu." Nawajibu kwa heshima: hata kama nyuma ya pazia kuna mkono wa adui, maiti iliyoko mbele ya pazia ni ya ndugu yako, na ina haki juu yako. Wapo wengine wanaosema, "Tukiupinga ugaidi hadharani tutakuwa tunawafurahisha wanaotuchukia." Nao nawajibu kwamba ushahidi hautolewi ili kumfurahisha mtu wala kumchukiza mtu. Hutolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Na wapo wanaosema, "Kwa nini niombe radhi kwa kosa nisilolitenda?" Maneno haya ni ya kweli, wala mimi siwaombi muombe radhi. Watu wa Casablanca, wa Amman na wa Mogadishu hawakuandamana kuomba radhi. Wao ndio waliouliwa! Waliandamana kwa sababu jina la Mola wao lilitumiwa kumwaga damu ya watoto wao, nao wakakataa. Sura Al-Maida imetufundisha kwamba anayeiua nafsi moja bila ya haki ni kama amewaua watu wote, na anayeiokoa nafsi moja ni kama amewaokoa watu wote. Mwenye kuamini hivyo hangoji kuulizwa na jirani ndipo aseme.

Tufikiri pia hatari ya kunyamaza. Kijana wetu wa madrasa ana simu mkononi. Ikiwa katika simu hiyo anamsikia muuaji tu akiusemea Uislamu, na msikitini hasikii mtu akimpinga kwa aya na hoja, yeye ataamini nini? Na jirani yetu Mkristo, akikaa miaka bila ya kusikia neno letu, moyo wake utatushuku, na shaka ni mbegu mbaya. Kumbukeni Februari 2013, huko Buseresere, si mbali na Biharamulo, ugomvi juu ya kuchinja ulivyofikia hata mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakila pamoja waliinuliana mapanga. Sisi wa mipakani tumekwisha kuona mwisho wa njia hiyo katika mto Kagera.

Tufanye Nini?

Napendekeza mambo matano, yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila linapotokea shambulio la namna hii, khutba ya Ijumaa inayofuata iwataje waliouawa, dini zao zozote, na ieleze kwa dalili za Kurani na Sunna uharamu wa tendo hilo.

Pili, kila msikiti uwe na daftari la kuandika mambo haya: lini tulisema, tulisema nini, na mbele ya nani. Jambo lisiloandikwa husahauliwa hata na waliolitenda, na atakayekuja kutuuliza kesho tutamjibu kwa karatasi.

Tatu, tusingoje waandishi watufuate. Tuwapelekee habari kwa maandishi mafupi, yaliyo safi na yenye ukweli. Hapa Ngara kuna Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa wakimbizi. Jina lake ni la kutumaini. Tuandike pia kwa wahariri wa magazeti. Barua moja ikiachwa, tupeleke ya pili, bila ya matusi.

Nne, vijana wasisambaze picha na kanda za wauaji, hata kwa nia ya kushangaa. Kila anayeisambaza kanda ya muuaji amemfanyia kazi ya idara yake ya habari. Wasambaze badala yake habari za wale wanaokataa: za Zoobe, za Amman, za basi la Mandera.

Tano, tuwatembelee jirani zetu wanapofikwa na msiba, tukae nao matangani, tuseme nao kwa kinywa. Mzee wa kijiji akikuona kwa macho yake umekaa naye msibani, hatahitaji gazeti limweleze wewe ni nani. Na tukiona miongoni mwetu mtu anayewafundisha watoto chuki, tufanye kama walivyofanya wazee wa Cabo Delgado, tuonye mapema.

Ndugu zangu, siwaahidi kwamba tukifanya haya kamera zitakuja. Huenda zisije. Watu wa Mogadishu walijifunga vitambaa vyekundu bila ya kujua kama kuna atakayewatazama. Lakini Mwenyezi Mungu huona na husikia, wala kwake haupotei ushahidi wa mtu. Sisi tujitahidi tusiwe miongoni mwa walioificha habari hiyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliouawa bila ya hatia, awape subira wafiwa, azilinde nchi zetu na shari ya wauaji na shari ya ndimi zinazochochea. Atujaalie kuwa watu wa kusema kweli, hata kama ni juu ya nafsi zetu. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.